Mhuri uko kwa nani?

Sanduku lenyewe dogo, la bati, limepakwa rangi ya kijani ambayo chumvi ya upepo wa Uroa imeshaanza kuila pembeni. Lina makufuli matatu. Funguo ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tatu mbalimbali, na bibi anayelilaza sanduku chini ya kitanda chake hana ufunguo hata mmoja. Ndio utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo hapa Unguja vilianza kushamiri miaka ya mwanzo ya 2000 katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, vikasambaa pwani hii yote ya mashariki. Siku ya mkutano wenye funguo wote huwepo. Mmoja akikosekana, fedha haihesabiwi, mkopo hautoki, na watu hukaa wakapiga soga.

Nilikwenda Uroa kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini tangu nilipoliona sanduku lile nimekuwa nikivipima vyama vyetu vya siasa kwa makufuli yake. Wanasiasa wakigombana hutuambia tatizo ni ukosefu wa umoja, kana kwamba umoja ni dawa ya kunywa kutwa mara tatu. Wanawake wa kikundi kile hawana umoja wa namna hiyo. Wamo waliogombania mpaka wa shamba la mwani, wamo waliowahi kuwa wake wenza, wamo wa chama hiki na wa chama kile. Hawapendani kuliko watu wengine. Walichofanya ni kukubaliana mapema, kabla shilingi ya kwanza haijatumbukizwa, nani ashike nini.

Chukua mkasa wa chama cha upinzani cha CUF, maana ndio ulio karibu, na hakuna mtu wa visiwa hivi asiyekuwa na lake la kusema juu yake.

Tarehe 6 Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa chama hicho. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakisha chini ya miezi mitatu. UKAWA, umoja uliozaliwa Dodoma Aprili 2014 wajumbe wa upinzani walipolisusa Bunge Maalumu la Katiba, ulikuwa umempokea Edward Lowassa kutoka chama tawala, CCM, na kumpa kugombea urais wa Muungano, na hilo Profesa hakuweza kulimeza. Akaandika barua, akaaga.

Kwa katiba ya CUF, kiongozi akijiuzulu, kujiuzulu kwake hutimia pale mamlaka iliyomchagua inapokubali. Mwenyekiti huchaguliwa na Mkutano Mkuu. Mkutano Mkuu haukuitwa mwezi ule, wala mwaka ule. Watu walikuwa mbioni na kampeni, na baada ya kampeni ikaja ile kadhia ya Zanzibar nitakayoigusa baadaye. Barua ikakaa. Juni 2016 Profesa akaandika nyingine, akaitengua ya kwanza. Mkutano ulipoitishwa hatimaye, Agosti 21 mwaka huo, Ubungo Plaza jijini Dar es Salaam, ulimalizikia katika vurugu. Wiki moja baadaye Baraza Kuu likakaa Zanzibar likamsimamisha. Septemba, Msajili wa Vyama vya Siasa, Jaji Francis Mutungi, akasema anamtambua Lipumba kuwa ndiye mwenyekiti halali, na siku hizohizo Profesa akaingia na wafuasi wake katika ofisi za chama za Buguruni, Dar es Salaam. Baraza Kuu likajibu kwa kumfukuza uanachama.

Kuanzia hapo chama kikawa na makao mawili na vinywa viwili. Buguruni alikuwepo Lipumba na katibu mkuu wa kukaimu, Magdalena Sakaya. Mtendeni, ndani ya Mji Mkongwe, alikuwepo Maalim Seif Sharif Hamad, katibu mkuu aliyechaguliwa. Kila upande una karatasi zenye nembo, kila upande unafukuza na kuteua. Ruzuku ya serikali kwanza ilizuiwa, na mwanzoni mwa 2017 shilingi milioni 369 zikaingia upande wa Buguruni, upande wa Mtendeni ukapiga kelele kwamba ni wizi. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wakavuliwa uanachama na upande wa Lipumba, Spika Job Ndugai akaikubali barua, na viti vyao vikapata watu wengine.

Watu wengi niliowahi kuzungumza nao, Unguja na Pemba, huuelezea mkasa huu kwa majina ya watu: nani msaliti, nani katumwa na nani. Inawezekana yapo yote hayo. Mkono wa dola katika ugomvi wa wapinzani si jambo la kuzusha. Msajili huteuliwa na Rais, na Rais ni mwenyekiti wa chama kinachotawala. Lakini mkono huo ulihitaji upenyo, na upenyo ulikuwa mwaka mmoja mzima ambao chama kikubwa cha upinzani visiwani kilikuwa na mwenyekiti aliyeondoka bila kuondoka. Waswahili tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika kisa hiki mimi naona kinyume chake: kwa muda wa mwaka ule hapakuwa na nahodha, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza usukani upo mkononi mwa nani, kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwenye mawimbi ya uchaguzi.

UKAWA wenyewe ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Sheria ya wakati ule haikuujua. Mgombea urais na mgombea mwenza lazima watoke chama kimoja, kwa hiyo Juma Duni Haji, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa CUF, ilibidi achukue kadi ya CHADEMA ndipo aweze kusimama pamoja na Lowassa. Mzee wa watu alivua koti akavaa jingine, na baada ya uchaguzi akalirudia lile la mwanzo. Majimbo nayo vyama viliachiana kwa maneno ya mdomo, na maneno ya mdomo hayana mhuri. Segerea, Dar es Salaam, Julius Mtatiro wa CUF alisimama akasema yeye ndiye wa UKAWA, na Anatropia Theonest wa CHADEMA naye akasimama. Kiti kikachukuliwa na Bonnah Kaluwa wa CCM.

Sheria ilirekebishwa mwaka 2019 ikaruhusu vyama kuungana kabla ya uchaguzi. Ukaja uchaguzi wa 2020 na hapakuwa na muungano wowote rasmi, ila ushirikiano wa kienyeji: viongozi wa ACT-Wazalendo wakamuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA kwa urais wa Muungano, CHADEMA wakamuunga mkono Maalim Seif, ambaye alikuwa ameshahamia ACT, kwa urais wa Zanzibar. Safi. Isipokuwa ACT walikuwa na mgombea wao wa urais wa Muungano, Bernard Membe, jina lake liko kwenye karatasi ya kura, naye akajitokeza mbele ya waandishi kusema kuwa yu bado mgombea. Aliyeandika tamthilia ya namna hiyo tungemwambia amezidisha chumvi.

Wenzetu wa Kenya walishaipita njia hii. Mwaka 2002 NARC iliingia madarakani kwa makubaliano ya maandishi, na Raila Odinga na kundi lake wakaamini wameahidiwa cheo cha waziri mkuu. Cheo hakikutoka. Novemba 2005 wakagawana katika kura ya maoni ya katiba, waliosema hapana wakashinda, na Mwai Kibaki akalivunja baraza la mawaziri zima. Sijui kama kuna karatasi iliyowahi kutajwa zaidi majukwaani Nairobi huku ikisomwa na watu wachache kuliko ile.

Lakini kwa nini tuende mbali? Wazee wa pwani hii wameyaona makubwa zaidi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Afro-Shirazi Party ilizaliwa 1957 kwa kuunganisha African Association na Shirazi Association. Kuunganisha ndilo neno linalotumika vitabuni. Waliokuwepo wangesema kupatanisha. Wapemba wengi katika Shirazi Association hawakuwa na shauku na harusi ile, na miaka mitatu haikupita Mohammed Shamte na wenzake wakajitoa wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP. Upande wa pili ilikuwepo Zanzibar Nationalist Party, Hizbu kwa jina la mitaani. Kati ya vyama viwili vikubwa vilivyokaribiana kwa nguvu, chama kidogo kikawa ndiyo ufunguo.

Januari 1961 kukapigwa kura ya viti 22. ASP ikapata 10, na kimoja kati ya hivyo, cha Chake Chake, ilikipata kwa tofauti ya kura moja. Hizbu ikapata 9. ZPPP ikapata 3. Kila mtu akageuka kuwatazama wale watatu. Nao wakafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiri hucheka peke yangu: chama cha wajumbe watatu kikapasuka. Shamte na mwenzake mmoja wakaenda Hizbu, Ali Sharif Musa akaenda ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika.

Wakaongeza kiti kimoja, wakarudia uchaguzi Juni. ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na safari hii watatu walikwenda pamoja. Siku ya kupiga kura mjini kuliwaka moto na ghasia zikaingia mashamba. Waliokufa ni 68. Serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP, na aliyekalia kiti cha uwaziri kiongozi ni Shamte, mwenye viti vitatu. Mwenye viti kumi alikaa chini yake. Ndivyo miungano inavyohesabu: kiti cha ishirini na tatu kina thamani kuliko kumi vya mwanzo. Julai 1963 ASP ikapata asilimia 54 ya kura zote na viti 13 tu kati ya 31, serikali ikabaki kwa washirika wale wale. Lakini ndani ya Hizbu kwenyewe Abdulrahman Babu alishatoka mwaka huohuo akaanzisha Umma Party. Uhuru ukaja Desemba 10, Mapinduzi Januari 12.

Vitabu husimulia viti. Vijiji hukumbuka kususiana. Zama zile, ambazo wazee wa shamba huziita zama za siasa kwa namna mtu anavyotaja maradhi, watu waligawana maduka, mabasi, mpaka maziko. Kijijini maziko ndiyo kipimo. Mtu anaweza kukosa harusi yako akasema alikuwa na homa. Akikosa maziko, hana pa kujificha. Yakarudi yale yale Pemba baada ya uchaguzi wa 1995, ambao Dkt. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif. Ndugu wa tumbo moja wakawa hawapeani salamu, na ilichukua mpaka maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyopata ndiyo asilimia 66.4, watu kuanza kuzikana bila kutazamana kadi.

Nimetaja pwani hii, basi nisiipake mafuta. Kutoka Uroa ukienda kusini unafika Marumbi, kisha Chwaka, mwendo mfupi wa gari. Upande mmoja wavuvi wengi walikuwa wa madema, mitego ya kusuka inayotegwa ikaachwa. Upande wa pili walikuwa na nyavu za kukokota. Wavu wa kukokota ukipita pale yalipotegwa madema hauulizi, hubeba. Ugomvi wa vijiji hivi viwili juu ya ghuba moja ulidumu miaka mingi, ukafika serikalini, ukaundiwa kamati, na kamati zikagombana. Lugha moja, dini moja, bahari moja, wameoana kutoka enzi na enzi. Anayesema watu hugawanyika kwa sababu ya tofauti zao aje atazame ghuba ya Chwaka. Wamarumbi na Wachwaka hawakuwa na tofauti yoyote isipokuwa swali moja ambalo halikuwa na mwenye kulijibu: nani mwenye kauli juu ya maji haya?

Taasisi za umma nazo hupasuka kama vyama, na tumeliona hilo Oktoba 28, 2015. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilikuwa imeshatangaza matokeo ya majimbo 31 kati ya 54. Mwenyekiti wake, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni akafuta uchaguzi mzima. Katika sababu alizozisoma, ya kutoelewana kwa wajumbe wa Tume yenyewe ilitangulia, hata akasema wapo waliofikia kuvua mashati kutaka kupigana. Baadhi ya makamishna walijitokeza baadaye kusema uamuzi ule haukuwa wa Tume. Mimi si mwanasheria. Nasema tu nilichokisikia kwa masikio yangu: taasisi iliutaja ugomvi wake wenyewe kuwa sababu ya kura za watu wengine kutupwa. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusia, Dkt. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 91.4. Sanduku lilikuwa na wenye funguo kadhaa. Mmoja akalifunga, na ikaonekana kumbe lilikuwa na kufuli moja.

Turudi kwa Mtendeni na Buguruni. Kesi ilikwenda ikarudi, mpaka Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ikasema Lipumba ndiye mwenyekiti halali. Siku hiyohiyo Maalim Seif akatangaza anahamia ACT-Wazalendo, na neno alilowapa watu wake likawa la baharini: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Hakuna mtu wa pwani aliyehitaji kufasiriwa. Ofisi zikapakwa zambarau kabla jua halijazama vizuri, bendera zikateremshwa, kadi zikarejeshwa. Chama cha miaka zaidi ya ishirini na tano kikahama kwa alasiri moja, na hata waliokuwa hawampendi Maalim walistaajabia utulivu wa mambo yale.

Nami nilistaajabia. Lakini mvuvi yeyote wa ngalawa atakwambia kwamba kubadilisha tanga katikati ya maji ndio wakati chombo hakina nguvu. Foromali iko chini, mawimbi yanakitikisa, na kila baharia anamtazama mtu mmoja. Siku ile watu walimfuata mtu. Katiba ya chama, mabaraza yake, mikutano yake mikuu, mahakama, msajili, vyote vilibaki Buguruni na jina. Wanachama wakabaki na Maalim. Ni ushahidi mkubwa wa mapenzi. Ni ushahidi pia kwamba kwa miaka yote ile funguo zote tatu zilikuwa mfukoni mwake, na makufuli mengine yalikuwa pambo. James Mapalala, mwenyekiti wa kwanza, alishaondolewa miaka ya mwanzo ya chama. Hamad Rashid Mohamed alifukuzwa Januari 2012. Kila mara chama kilisalimika, na kila kusalimika kulizidi kuwafanya watu waamini kwamba anayekisalimisha ni yeye.

Desemba 2020, baada ya uchaguzi ambao Dkt. Hussein Mwinyi alitangazwa kupata asilimia 76, Maalim aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wapo ndani ya chama chake waliouona uamuzi wa kuingia serikalini kuwa mchungu, damu ya uchaguzi ikiwa haijakauka. Wakanyamaza kwa sababu aliyesema ni yeye. Februari 17, 2021 akafariki dunia. Nafasi yake serikalini akapewa Othman Masoud Othman, mwanasheria mkuu wa zamani aliyepoteza cheo hicho mwaka 2014 baada ya kupiga kura ya hapana katika baadhi ya vifungu vya Katiba Inayopendekezwa. Baadaye uenyekiti wa chama ukapita kwa Juma Duni, yuleyule wa makoti mawili, kisha Machi 2024 ukafika kwa Othman mwenyewe. Hizo za uenyekiti zote mbili zilikuwa chaguzi za kawaida, zenye wajumbe na masanduku ya kura, bila viti kurushwa. Magazeti yaliziandika kwa ufupi. Hatuna mazoea ya kuandika habari za mkutano uliomalizika salama.

Siku ile Uroa mkutano wa kikundi uliwekwa baada ya swala ya adhuhuri. Ilikuwa bamvua, na bamvua ndio siku za mwani. Bahari hupwa mpaka mbali, wanawake hushuka na kamba zao na taitai wakarudi maji yanapowafukuza. Wenye funguo wawili walikuwepo. Wa tatu alikuwa bado chini pwani. Tulikaa. Chai ikaletwa, ikanywewa, watoto wakafukuzwa mara mbili mlangoni. Nikawa na muda wa kulitazama sanduku vizuri, na nikaona kwamba bawaba za kifuniko zimefungwa kwa nje, kwa skrubu nne ndogo. Mtoto wa darasa la tano mwenye bisibisi angelifungua kwa dakika mbili bila kugusa kufuli hata moja.

Nikamnong'oneza bibi aliyekaa karibu nami. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuwa bahari ina chumvi. Wanajua. Wamejua tangu siku lilipokuja. Akageuza uso kuelekea pwani, ambako mwenye ufunguo wa tatu alikuwa anapanda taratibu, kanga imelowa mpaka kiunoni, na fundo dogo limefungwa kwenye pindo.